Wigand Lauer, Mchapaji wa Ebersfurt, na Mstari Mmoja Mwekundu

Ndugu waombolezaji, kabla hatujaanza kuhesabu miaka, tunawaomba mfumbe macho kidogo mpate kuiona dari ya nyumba ya zamani ya watengeneza ngozi kule karibu na mto, mwezi wa Machi mwaka 1471, kamba zimefungwa kutoka boriti hadi boriti, na juu ya kamba hizo zimeanikwa karatasi mbichi mia mbili na zaidi, zimejaa maandishi meusi, na chini yake amesimama mwanamume mwembamba mwenye wino hadi kwenye viwiko, akimweleza jirani yake Kunza, muuza samaki, kwamba hizo si nepi za mtoto. Kunza alikuwa amepanda ngazi kuuliza kwa nini watu wa nyumba ile wanafua nguo na kisimani hawaonekani, na alipoambiwa kwamba karatasi zote zile zina maneno yale yale, aliitazama ya kwanza, akaitazama ya mwisho, akasema kwamba kama ni hivyo, basi moja ingetosha. Mwanamume yule mwembamba ndiye tuliyemleta leo katika kanisa hili, na historia yake ndiyo familia imetuma isomwe mbele yenu.

Marehemu Wigand Lauer alizaliwa hapa hapa Ebersfurt, siku ya Mtakatifu Gallo, tarehe 16 Oktoba 1438, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Heinz Lauer, mtengeneza ngozi, na mkewe marehemu Metza, na alibatizwa kesho yake katika kisima cha ubatizo kilichopo nyuma yenu. Kati ya hao saba wamebaki wawili, dada yetu Elsbet, aliyeketi mbele pale, na kaka yetu Contz, ambaye miguu imemkatalia kufika. Marehemu alikulia katika mtaa ambao wengi wenu mnapoupita huziba pua, naye alikuwa akisema kwamba mtoto aliyezoea harufu ya mapipa ya ngozi hawezi kushindwa na kazi yoyote duniani.

Mwaka 1446 aliingia shule ya kanisa kuu, akasoma hadi mwaka 1453, wakati ambapo darasa la watoto thelathini lilikuwa na kitabu kimoja tu, mwalimu akisoma polepole na watoto wakiandika kwenye vibao vyao vya nta, na mwalimu alipopatwa na kikohozi darasa zima lilikosa sentensi ile ile. Wigand hakuwa wa kwanza katika Kilatini, wala hakuwa wa mwisho, lakini mwalimu wake alimsifu kwa jambo moja, kwamba akiambiwa amekosea hakuwa akitazama upande mwingine kuona ni nani anacheka, alikuwa akitazama kibao chake.

Kuhusu kazi, mwezi wa Mei mwaka 1455 baba yake alimtuma Mainz na mzigo wa ngozi za ndama kwa karakana moja iliyonunua ngozi za kutengenezea vitabu, akaenda kwa nia ya kukaa siku mbili, akakaa miaka saba. Alianza kwa kuosha herufi za madini ya risasi, kisha akafundishwa kupaka wino kwa madonge ya ngozi, kazi ambayo mtoto wa mtengeneza ngozi aliielewa haraka kuliko wenzake, na kufikia mwaka 1459 alikuwa akipanga kurasa nzima mwenyewe, herufi kwa herufi, kichwa chini na kutoka kulia, jinsi mafundi wa kazi hii wanavyosoma. Tarehe 28 Oktoba 1462 mji wa Mainz ulipovamiwa na kutekwa, mafundi walitawanyika kama nyuki waliotimuliwa mzingani, kila kundi likaenda kutafuta mti wake, naye Wigand alifanya kazi Strasbourg, kisha Köln, hadi mwezi wa Novemba mwaka 1468 aliporudi nyumbani kumzika baba yake, akaitazama nyumba ile tupu ya karibu na mto, akaamua kwamba hataondoka tena.

Ndoa yake wengi mnaijua, ila si wote mnaojua ilivyoanza. Alikwenda kwa mzee Merten, msubu kengele wa mji huu, yaani fundi wa kuzimimina kwa madini ya kuyeyushwa, kutafuta bati la kuchanganya na risasi, na binti wa mzee huyo, Ottilia, akachukua herufi moja mkononi mwake, akaikandamiza kwa ukucha, akamwambia, "Bwana Wigand, herufi zako ni laini kama jibini, ukizikandamiza mara mia zitalala chali." Alirudi wiki iliyofuata na mchanganyiko mgumu zaidi, akaambiwa bado, akarudi mara ya tatu bila herufi yoyote wala haja ya bati, na mzee Merten, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akamuuliza kama sasa anataka kununua kengele. Walifunga ndoa tarehe 22 Januari 1470, siku ya Mtakatifu Visenti, na kuanzia siku hiyo hakuna herufi iliyosubiwa katika nyumba ile bila Ottilia kuipima kwa ukucha wake. Mungu aliwajalia watoto watatu, Endres, aliyezaliwa mwaka 1471 na ambaye sasa anauongoza mtambo wa kuchapia, Jutta, aliyezaliwa mwaka 1473 na kuolewa hapa mjini, na Lienhart, aliyezaliwa mwaka 1476 na kuchukuliwa na homa kabla hajatimiza miaka miwili, naye ndiye ambaye baba yake atalazwa kando yake leo.

Mtambo ulianza kufanya kazi mwaka 1471, na karatasi zile alizozishangaa Kunza zilikuwa za sarufi ya watoto wa shule, kwa hiyo darasa lililokuwa na kitabu kimoja likapata vitabu thelathini, na tangu hapo kikohozi cha mwalimu hakikumdhuru mtu. Vikafuata vibandiko vya ukutani vya siku zinazofaa kuumikwa, yaani kutolewa damu, barua za watu wa soko, na vijitabu vya sala. Lakini kazi iliyomfanya Wigand Lauer awe mtu tunayemlilia leo, nayo karibu immalize, ilikuwa ile ya mwaka 1478, na familia imeomba isielezwe kwa kufunikwafunikwa, kwa sababu mwenyewe hakuifunika.

Mwaka huo baraza la makanoni, yaani mapadre wanaolisimamia kanisa kuu, lilimpa kazi ya kuchapa vitabu mia tatu vya sala za mapadre wa dayosisi yetu, kwa maana kila dayosisi ina watakatifu wake na sikukuu zake, na kalenda ya Mainz au ya Nürnberg haiwezi kumsaidia padri wa huku. Baadhi ya makanoni walitaka kazi ipelekwe Nürnberg, kwenye mitambo mikubwa, wakisema mji mdogo ununue vitabu na usijifanye kuvitengeneza, na katika mapatano ikaandikwa kwamba kitabu kikionekana kina kosa, kazi zote za dayosisi zitahamishwa, jambo ambalo lilimaanisha mtambo wa Ebersfurt kufungwa. Wigand alitia sahihi bila kusita. Kazi ilichukua miezi kumi na minne, kila ukurasa ulisomwa na kanoni mmoja akiulinganisha na maandiko ya zamani, na vitabu vikagawiwa katika parokia zote kabla ya Pasaka ya mwaka 1480.

Sasa, katika kalenda ya kitabu hicho siku za kawaida zilichapwa kwa wino mweusi na sikukuu kwa wino mwekundu, na kwa kuwa mtambo huchapa rangi moja kwa wakati, karatasi ilipita mara mbili, mara ya pili ikiwa imefunikwa kwa ngozi iliyotobolewa tundu pale tu panapotakiwa wekundu. Siku ya Mtakatifu Reginlind, msimamizi wa mji wetu, ni tarehe 3 Septemba, siku ya maandamano na ya kufunguliwa gulio, na hilo halihitaji kusemwa katika kanisa hili. Tundu la mstari wake lilitobolewa chini kidogo, upana wa nafaka moja ya shayiri, na mstari wake mwekundu ukaangukia tarehe 4. Mpangaji wa herufi hakuuona, kanoni hakuuona, Wigand hakuuona, kwa sababu hakuna mtu wa Ebersfurt anayeisoma siku ya Mtakatifu Reginlind, kila mmoja anaijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na jicho lilipofika pale liliona kile ambacho moyo unakijua, likaendelea. Ni wageni tu ambao wangeisoma kweli, na mapadre wa parokia za milimani mwaka ule walikuwa wageni karibu wote, na watu wao, wasio na kalenda, hushuka siku ambayo padri amewatangazia.

Basi tarehe 3 Septemba 1480 mji ulifanya maandamano yake, na wengi walishangaa kwamba watu wa milimani hawakuonekana. Walionekana kesho yake asubuhi. Walishuka wakiimba, wamebeba bendera yao, bata bukini wamefungwa miguu, na mbele yao Mama Gese wa Hohenrod, akiwa amekumbatia mshumaa wenye uzito sawasawa na uzito wa mjukuu wake aliyepona, nadhiri aliyoweka wakati mtoto akiugua, nta aliyoikusanya mwaka mzima, naye akakuta sanduku la masalia ya mtakatifu limekwisha kufungwa kwa kufuli tatu na watu wanafagia uwanja. Wachinjaji wetu, ambao siku hizo walikuwa hawana adabu, na wengine wao wako hapa leo na wanajua tunawasema, walisimama mlangoni wakawaambia kwamba milimani hata jogoo huwika baada ya chakula cha mchana. Utz Krapf, kiongozi wa watu wale, akajibu bila kupandisha sauti, "Jogoo wetu amewika kwa kufuata kitabu chenu, kilichochapwa hapa hapa mjini kwenu."

Wigand alikuwa barazani kwake, akasikia. Aliingia ndani, akafungua kitabu mahali pa Septemba, na kwa mara ya kwanza tangu akichape akausoma mstari ule kama mgeni. Ottilia alimkuta ameketi na kidole juu ya mstari, na hakuhitaji kuuliza.

Siku tatu baadaye aliitwa mbele ya Kanoni Sifrid, mtu mwema aliyempenda Wigand na kuupenda mtambo, na ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kusoma kurasa zile, kwa hiyo aibu ilikuwa yao wote wawili. Kanoni alikuwa amekwisha kupata njia. Alieleza kwa upole kwamba mapadre wa milimani ni vijana, Kilatini chao ni cha kusuasua, tarehe katika kalenda huhesabiwa kwa njia ngumu, na baraza litaamini bila shida kwamba walihesabu vibaya, kisha mwaka ujao ukurasa mmoja ungechapwa upya kimyakimya na ule wa zamani kuondolewa. Wigand aliomba siku moja ya kufikiri, akarudi nyumbani, akamweleza mkewe yote, na jinsi mtambo utakavyofungwa akisema kweli, na watu sita wanaokula kwa mtambo ule. Binti wa msubu kengele alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Kengele iliyopasuka haifichiki, Wigand. Itagongwa siku moja, na itajisema yenyewe."

Tarehe 9 Septemba alisimama mbele ya baraza zima, mapadre wawili wa milimani wakiwa wameletwa kujibu, na alipopewa nafasi alisema maneno ambayo Kanoni Sifrid, kabla ya kufa kwake, aliyarudia kwa familia hii mara nyingi, "Hawa walisoma sawasawa. Kosa nililichapa mimi, mara mia tatu." Hakumtaja kanoni aliyesoma kurasa, wala aliyetoboa ngozi. Wale waliotaka Nürnberg wakasimama wakasema mapatano ni mapatano. Ndipo Wigand akaomba jambo moja, kwamba kabla hawajaufunga mtambo wampe muda hadi Pasaka, naye atakifikia kila kitabu mahali kilipo na kukisahihisha kwa mkono, na kikibaki hata kimoja chenye kosa, atazivunja herufi zake mwenyewe na kumrudishia mkwewe bati lake. Walibishana hadi jioni, wakakubali, wengine wao, tunadhani, kwa sababu hawakuamini kwamba angeweza.

Aliondoka siku ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba 1480, na mfuko wenye kisu kidogo cha kukwangulia, kichupa cha wino mwekundu, na mstari mmoja wa herufi ambao Ottilia aliufunga ndani ya kishikio cha mti ili upigwe kama muhuri. Parokia mia moja na arobaini, vitabu mia tatu, na zote alizifikia kwa miguu. Kila mlango aliogonga alianza kwa kusema jina lake na kosa lake, kisha ndipo akaomba kitabu. Wengine walimcheka, wengine walimpa supu, padri mmoja wa bondeni alimfanya asubiri mlangoni tangu misa ya asubuhi hadi saa nane, na huko Steinlohe watoto walimfuata wakimwita Bwana Tarehe Nne. Hayo alituhadithia mwenyewe, na aliyahadithia akicheka.

Mwezi wa Januari 1481 alifika Hohenrod, theluji ikiwa magotini, akakwangua, akapiga mstari, akataka kuondoka, lakini njia ikafungwa na theluji, akalazimika kukaa siku kumi na moja nyumbani kwa Utz Krapf, akilishwa mkate wa shayiri na kabichi la kuchacha. Jioni ya pili Mama Gese alikuja. Wigand alidhani amekuja kulalamikia mshumaa wake, akaanza kuomba radhi, naye akamkatiza kwa mkono, akasema, "Mshumaa niliuwasha hapa kwetu, na mtakatifu aliuona, hana haja ya kufuli. Ninachouliza ni kimoja, mwanangu. Padri akikosea, mtu wa Kilatini atajua. Kitabu kikikosea, sisi tusiojua Kilatini tutajuaje?"

Wigand Lauer, aliyekuwa na jibu kwa kila fundi wa Mainz na wa Köln, safari hii aliomba kalamu. Alibaki pale siku zilizobaki akisikiliza, akamwomba mama yule amtajie sala wanazosali watu wa milimani kwa lugha yao wakati wa mtu kukata roho, siku za kupanda nafaka ya rai, dawa ya kikohozi, nyimbo za kumpeleka mtakatifu mtoni wakati wa ukame, naye akaandika yote nyuma ya karatasi za kufungia mkate, kwa lugha hii hii tunayozungumza, ambayo mpaka siku hiyo hakuna aliyefikiri kuipangia herufi.

Alirudi Ebersfurt Jumapili ya Matawi, tarehe 15 Aprili 1481, amekonda, viatu vyake vikiwa vya tatu, na vitabu mia tatu vikiwa sawa. Baraza lilituma watu wawili kuzunguka parokia ishirini bila taarifa, nao waliporudi hawakuwa na kosa la kutaja, na mmoja wa wale waliokuwa wakitaka Nürnberg alisema kwamba mchapaji wa Nürnberg asingetoka hata uani kwake. Mtambo haukufungwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari 1482, kilitoka kitabu kidogo cha nyumbani katika lugha yetu, chenye sala, kalenda, dawa na nyimbo, nakala mia nne. Wasomi walikicheka, wakiiita lugha ya maziwa na samadi, na nakala mia nne zikaisha kabla ya Pentekoste, kwa sababu katika kila nyumba ilitosha mtu mmoja anayejua kusoma na wengine kuketi karibu naye. Kimechapwa mara tano tangu wakati huo. Mafundi wawili aliowafundisha wamefungua mitambo yao katika miji ya jirani, nao pia wanachapa kwa lugha za watu wao, na wote wawili wapo hapa leo wakiwa wameshika mishumaa.

Kuhusu ugonjwa, tangu mwaka 1493 marehemu alianza kutetemeka mikono na kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, maradhi yanayowapata waliokaa miaka mingi juu ya risasi inayoyeyuka, na ingawa Tabibu Hartung alimshauri aiache kazi, aliiacha kwa mikono tu, akawa anaketi dirishani na kusomewa kila ukurasa na Jutta kabla haujachapwa, naye alikuwa akimwambia asome kama mtu aliyefika leo. Baada ya Krismasi iliyopita hakuweza tena kushuka ngazi. Alipokea sakramenti Jumatano ya Majivu, na siku mbili baadaye, tarehe 10 Februari 1497, siku ya Mtakatifu Skolastika, asubuhi, baada ya kunywa vijiko viwili vya uji wa shayiri na kusema vilikuwa na chumvi nyingi, alifariki dunia mkononi mwa mkewe Ottilia, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa Tabibu Hartung, aliyekuja kila alipoitwa hata barabara ilipokuwa barafu tupu, kwa masista wa nyumba ya wagonjwa waliomgeuza na kumwosha kwa upole, kwa majirani wa mtaa wa ngozi, na hasa watoto wa marehemu Kunza, waliotuletea samaki na kuni wiki sita mfululizo, kwa chama cha mafundi kilichobeba jeneza, kwa makanoni wa kanisa kuu, na kwa watu wa Hohenrod, waliotembea siku mbili kwenye theluji, na safari hii wamefika siku yenyewe.

Wigand, mume, baba, babu na fundi, ukurasa wako umekauka, lala sasa kwa amani ya Mungu. Nanyi ndugu, mtakaporudi makwenu mtasahau tarehe nyingi tulizosoma hapa, na si neno, zimeandikwa. Tunawaomba mkumbuke jambo moja tu, kwamba kosa lake lilipojulikana hakumtuma mtu kwenda kulisema, alikwenda mwenyewe, mlango hadi mlango.